Nani Alichomelea Ile Datsun?

Ukienda Gikomba na mwenye kibanda akakiri kwamba kiatu ni nakala, bei inashuka papo hapo. Kwenye magari ya rali hesabu ni tofauti. Kuna watu wanaotumia miaka, na pesa za kununua ploti, kujenga nakala ya Datsun 240Z iliyoshinda Safari mwaka wa 1971: bodi nyekundu, boneti nyeusi, taa kubwa mbele. Hakuna anayewaita matapeli. Tangu 2003, magari ya zamani na nakala zake hukutana kwenye East African Safari Classic Rally, na watu husimama kando ya barabara kushangilia vumbi. Kwangu mimi nakala hizo ni historia kamili. Shida ni kwamba kuna ukurasa mmoja zinaendelea kuuruka.

Safari ilianza mwaka wa 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalipangwa kulingana na bei ya dukani, na yalitakiwa kuwa yaleyale ambayo mtu wa kawaida angeweza kununua. Lakini huyo mtu wa kawaida hakuwa mtu wa Eastlands. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Mwaka uleule wa 1953 aliuawa Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi, ambaye jina lake tunalitaja kila siku tukisema Ofafa Jericho au Ofafa Maringo bila kufikiria. Aprili 1954 ikaja Operesheni Anvil, na maelfu ya watu wakazolewa mitaani. Wengine walikuwa wanashindania nani atawahi Kampala, na wengine hata kuvuka mji tu ilikuwa balaa.

Halafu kuna hili suala la "orijino". Mwaka wa 1965 Safari ilishindwa na Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyejifunza ufundi kwenye gereji ya baba yake, akiwa na nduguye Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544 ya mkono wa pili, ambayo timu ya Volvo ilikuwa imeshaitumia kwenye rali. Yaani mitumba. Waliitengeneza upya, wakaipiga Safari. Kwa hivyo gari maarufu kuliko yote ya enzi hiyo lilikuwa tayari limejengwa mara ya pili kabla hata halijashinda.

Datsun 240Z nayo haikuzaliwa kwa ajili ya matope. Ilikuwa gari la michezo, silinda sita, injini ya lita 2.4, na soko lake kubwa lilikuwa Marekani, kwenye lami. Lakini mwaka wa 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo. Mwaka wa 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakarudia, wakiwa wamelingana pointi za adhabu na Harry Källström, hadi ikabidi waangalie nani alienda mbali zaidi bila adhabu. Si mchezo, ukikumbuka kwamba mwaka wa 1963, na tena 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho.

Ili kuelewa gari la lami lilivumilia vipi, mwangalie anayejenga nakala yake. Anaanza na 240Z ya kawaida, anaivua kila kitu hadi libaki bati tupu. Kiwandani mabati yaliunganishwa kwa nukta nukta. Yeye anachomelea mshono wote, kwa sababu barabara mbovu hufungua nukta kama vifungo vya shati. Anaongeza chuma pale springi za mbele zinaposhika bodi. Chini ya injini anaweka sahani nene ya kuzuia mawe. Nyuma anaacha nafasi ya magurudumu mawili ya akiba. Honi lazima iwe kali, maana Safari ilikimbiwa kwenye barabara za wote: malori, ng'ombe, watoto wa shule. Cha kisasa anachoongeza ni ngome ya mabomba ndani, ili gari likibingirika watu watoke wazima.

Kila kipande hapo kiliwekwa kwa sababu kuna gari lililovunjika mahali fulani. Ukilitazama tu kwenye jumba la makumbusho hutajua hayo. Ukilijenga, mikono yako inajua.

Jericho pia tulikuwa na nakala zetu, za waya. Waya wa henga, magurudumu ya soli za ndala, usukani mrefu wa kusukuma ukiwa umesimama. Makaka waliotutangulia walifunga vizibo vinne vya soda mbele ya boneti. Nilidhani ni urembo tu, hadi siku moja nilipoona picha za zamani za Safari. Zilikuwa taa, na zilikuwa zimewekwa mahali pake kabisa.

Mimi niliacha chuo, na masomo ya bati niliyapata kwa kusimama kwenye gereji ya kando ya barabara. Mzee wa pale, fundi wa bodi, alinionyesha kuchomelea mshono mrefu: unaweka kipande kifupi, unaruka upande ule mwingine, unaweka kingine, unarudi katikati. "Ruka, kijana wangu. Ukikaa hapo, bati litajikunja." Joto likikaa sehemu moja, bati linapinda. Mjenzi wa nakala za rali, popote alipo duniani, anafanya vilevile.

Ule ukurasa unaorukwa ndio huu. Orodha ya washindi ina nafasi ya dereva na mwenzake, na ya aina ya gari. Waliochomelea, walionyoosha ekseli usiku, waliobadilisha gia gari likiwa bado la moto, hawana safu yao. Na sasa mitaa ya zamani ya Eastlands iko kwenye mpango wa kubomolewa ili maghorofa yajengwe. Mwenye nyumba ya kaunti angalau ana karatasi ya kubishania. Gereji ya kando ya barabara haina, na ikiondoka inaondoka na mzee na mkono wake.

Magari ya Classic huandikwa ubavuni majina ya dereva na mwenzake, pamoja na bendera zao. Chini ya majina hayo kuna nafasi ya kutosha. Mwenye pesa za kujenga 240Z upya hawezi kukosa rangi ya kuongeza jina moja la fundi.