Kinachoua Chombo ni Kukaa

Mashua ikikaa mchangani Matondoni, kisiwani Lamu, miezi mingi bila kuguswa na maji, mbao zake hukauka na kusinyaa, na pamba ya kalafati ikalegea. Ukiishua siku ileile ya mbio za mashua, mabaharia watashinda wakifua maji badala ya kushika demani. Nahodha mzoefu huiteremsha mapema, akaiacha inywe maji mpaka mbao zivimbe na kubanana. Tanga baadaye.

Fundi wa redio za kale huko Marekani anaujua ugonjwa huu. Chukua Collins KWM-2, mtambo wa mwaka 1959 wa kurusha na kupokea mawimbi, unaotumia valvu za kioo. Kwenye kisanduku chake cha umeme mna kapasita, na ndani yake utando mwembamba wa oksidi ndio unaozuia umeme usipenye. Mtambo ukiachwa kabatini miaka mingi, utando huo hudhoofika. Mwenye pupa akiuwasha ghafla, kapasita hupata joto, huvimba, na pengine hupasuka. Anayejua hupandisha umeme kidogo kidogo kwa saa kadhaa, utando ujijenge upya. Wala haingizi kidole hovyo hata akishachomoa waya: karibu volti 800 zinaweza kuwa bado zimejificha mle.

Basi mashindano, huku na kule, yanampa mwenye chombo sababu ya kukiamsha. Injini zimeshachukua sehemu kubwa ya kazi ya matanga Lamu, lakini siku ya mbio za mashua ni upepo tu unaohesabiwa. Redio nazo zina CQ World Wide, mashindano ya kuwasiliana na vituo vingi iwezekanavyo: saa 48 mfululizo, Oktoba kwa sauti, Novemba kwa Morse. Dunia imegawanywa kanda 40, na kila nchi na kila kanda mpya huongeza alama. Kwa hiyo kituo cha Kenya au Tanzania, kanda ya 37, hugombewa kama kisima wakati wa kiangazi. Kila mmoja humpa mwenzake “59”, yaani nakusikia barabara kabisa, kisha papo hapo anamwomba arudie jina la kituo. Lamu uongo huo hauna pa kusimama. Watu wote wako ufukweni wanatazama.

Katika kasi hiyo mtambo wa valvu huachwa nyuma: ukipata joto, masafa yake huteleza. Wapenzi wake wakajitengea mashindano yao. Kuna ambayo umri wa mtambo huingia kwenye hesabu ya alama, na kuna wikendi za Desemba ambapo hupeperusha mawimbi kwa mitambo ya mtindo wa 1929. Mimi nayapenda haya kuliko yale makubwa, ingawa naona yana harufu ya makumbusho. Mashua kongwe haipewi dakika za bure kwa uzee wake.

Pengine haizihitaji. Ubao ukioza Matondoni, fundi huchonga mwingine, na kijana anayemshikia msumari anajifunza palepale. Valvu nyingi za mitambo ile hazitengenezwi tena. Ikiungua moja, mwenye redio huanza kuulizia kwa wajane wa marafiki zake kama lile boksi la marehemu bado liko darini.