Safari ya Kuipata Biblia Moja ya Kiswahili

Kabla ya mwaka 1952, Wakristo wa Afrika Mashariki walisoma Biblia tatu za Kiswahili. Misioni ya UMCA ilitumia ile ya Kiunguja ya mwaka 1891, tunda la kazi iliyoanzishwa na Askofu Edward Steere. CMS ilitumia ya Kimvita ya mwaka 1914. Walutheri walikuwa na tafsiri ya Karl Roehl, iliyochapwa Stuttgart mwaka 1937, ambayo aliiandaa akisaidiwa na Martin Nganisya na Andrea Ndekeja. Roehl alipunguza maneno yenye asili ya Kiarabu ili Neno liwaingie watu wa bara.

Makabila mengi hayakuwa na Maandiko kwa lugha zao. Kiswahili kilikuwa mlango wao. Lakini aliyehama misioni alikuta aya aliyoikariri imebadilika. Ndipo misioni na Vyama vya Biblia viliposhirikiana kuandaa tafsiri ya pamoja, iitwayo Union Version: Agano Jipya mwaka 1950, Biblia nzima mwaka 1952.

Umoja huo ulikuwa na gharama. Walutheri waliolelewa na Biblia ya Roehl iliwabidi kuyazoea tena maneno aliyoyaondoa. Hata hivyo, makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana mwaka 1963, Biblia ya pamoja ilikuwa imekwisha kuwatangulia.