Betri ya kompyuta mpakato: Adui ni joto, si chaja

WATUMIAJI wengi wa kompyuta mpakato wangali wanafuata ushauri wa zamani: usichomeke chaja mpaka betri iishe kabisa. Ushauri huo ulikuwa na maana enzi zake. Kwa betri za leo hauna faida, na pengine unadhuru.

Chimbuko lake ni betri za nikeli na kadmiamu, zilizokuwa zikitumika katika kompyuta za aina hiyo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Zilipochajiwa mara kwa mara kabla ya kuisha, zilionekana kana kwamba zimezoea kutoa sehemu tu ya nguvu zake. Wataalamu waliiita hali hiyo kumbukumbu, na dawa yake ilikuwa kuimaliza betri chaji mara moja moja. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ya Japani iliingiza sokoni betri za lithiamu-ayoni, ambazo ndizo zimo katika kompyuta mpakato za sasa. Hizi hazihitaji dawa hiyo.

Ndani ya betri ya lithiamu, chembe ziitwazo ayoni husafiri kati ya ncha mbili, moja ya grafaiti na nyingine ya oksaidi ya metali, ambayo mara nyingi huwa na kobalti. Unapochaji, ayoni huingia katika grafaiti. Unapotumia kompyuta, hurudi zilikotoka. Katikati kuna utando mwembamba wa plastiki uliolowa kimiminika kinachoshika moto kwa urahisi.

Kila seli kwa kawaida hujazwa hadi kufikia volti 4.2 hivi. Ikikaribia kiwango hicho, mkondo wa umeme hupunguzwa kidogo kidogo, ndiyo maana asilimia 20 za mwisho huchukua muda mrefu. Huo si ubovu wa chaja.

Katika kilele hicho cha chaji, hasa penye joto, kimiminika huathirika na ayoni nyingine hunaswa zisiweze kusafiri tena. Betri huzeeka hivyo hata kama kompyuta imezimwa. Mtu anayeiacha imechomekwa mchana kutwa katika chumba kisicho na kiyoyozi, Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, au ndani ya gari lililoegeshwa juani, anaipunguzia umri kuliko anayechaji mara tano kwa siku. Betri nyingi hupoteza takriban moja ya tano ya uwezo wake baada ya mizunguko 300 hadi 500 kamili, na kuitumia nusu mara mbili huhesabiwa mzunguko mmoja tu. Heri kuchaji kidogo kidogo, kati ya asilimia 20 na 80. Baadhi ya watengenezaji wameweka programu ya kusimamisha chaji kwenye asilimia 80. Iwashe kama unayo. Kompyuta ya kuweka kabatini iachwe na nusu ya chaji. Betri iliyoisha ikatelekezwa kwa miezi mingi inaweza kuharibika ndani na kuleta shoti itakapochajiwa.

Shoti ya ndani ndiyo hatari kubwa. Joto lake huzaa joto zaidi, seli moja huiwasha jirani yake, na moto hutokea. Agosti 2006, kampuni ya Dell iliagiza betri zaidi ya milioni nne zirudishwe, na Apple ikafuata kwa betri milioni 1.8. Zote zilikuwa na seli za Sony ambamo vipande vidogo mno vya metali vilikuwa vimeingia kiwandani. Ikiwa kiwanda chenye jina kiliteleza, mnunuzi wa betri bandia ya bei poa ana sababu ya kuhofu zaidi, kwani nyingine hazina hata saketi ya kuzuia chaji isipite kiasi.

Betri iliyovimba isichajiwe tena, isitobolewe wala kukandamizwa; mpelekee fundi anayezifahamu. Usichaji kompyuta ikiwa juu ya godoro, kwa kuwa joto hukosa pa kutokea. Kwa wasafiri wa ndege, betri ya akiba hubebwa katika mkoba wa kuingia nao ndani, si katika mizigo ya chini, ili ikianza kutoa moshi wahudumu waione mapema na kuikabili.