Ekseli ya mbele ya pikapu: kinachohitajika ili gari lipande Elgon wakati wa mvua

Mvua inapoanza kunyesha kwa wingi kati ya Machi na Aprili, barabara za udongo mwekundu za pande za Kapsokwony na Kaptama, pamoja na zile za upande wa Endebess katika Kaunti ya Trans Nzoia, hugeuka utelezi mtupu. Mkulima mwenye viazi na vitunguu vya kufikisha katika soko la Chwele huona mali yake ikioza shambani. Mgonjwa anayekimbizwa hospitalini Kitale au Bungoma usiku huenda akalala njiani. Nguvu za injini haziwafai kitu watu hao ikiwa magurudumu ya mbele hayashiki ardhi.

Pikapu kubwa inayotegemewa zaidi katika shughuli hizo ni Toyota Land Cruiser ya aina ya 79, iliyoanza kuundwa mwaka wa 1999. Ekseli yake ya mbele ni ya chuma kimoja kinachounganisha magurudumu yote mawili, na tangu mwaka huo imekalia springi za mviringo badala ya zile za majani zilizotumiwa katika aina ya 75 iliyoitangulia. Ni ekseli imara. Hata hivyo, uimara wake hauondoi udhaifu uliomo ndani ya difu.

Difu ya kawaida iliundwa ili gurudumu la nje lizunguke kasi kuliko la ndani gari linapokata kona. Kazi hiyo huifanya vyema kwenye lami. Kwenye tope, huwa mkosi. Difu hugawa nguvu sawasawa kwa magurudumu mawili, kwa hivyo gurudumu moja likikanyaga utelezi na kuzunguka bure, lenzake lililo penye ardhi ngumu hupata kiasi kile kile kidogo cha nguvu. Dereva aliyeingiza magurudumu yote manne hudhani kwamba yote yanavuta, kumbe yanayozunguka ni mawili tu, moja mbele na moja nyuma, huku gari likizidi kuzama.

Dawa yake ni kufuli ya difu, kifaa kinachofunga shafti mbili za ekseli ili zizunguke pamoja. Baadhi ya Land Cruiser hutoka kiwandani zikiwa na kufuli za umeme mbele na nyuma, na mnunuzi wa gari kuukuu anafaa kutazama kwanza kama swichi yake ipo kabla ya kutumia pesa. Asiyebahatika hivyo anaweza kufungiwa kufuli inayotumia hewa iliyoshindiliwa, kama zile za kampuni ya ARB ya Australia. Kwa kawaida kufuli ya nyuma hutangulia, kwa kuwa gari lenye mzigo likipanda mlima uzito hulemea nyuma. Lakini kwa sababu iyo hiyo gurudumu la mbele huwa jepesi, huinuka kwenye shimo au jiwe, na hapo ndipo kufuli ya mbele huonyesha thamani yake.

Kuifunga si kazi ya kubahatisha. Kroni na pinioni lazima zipimwe upya hadi meno yakutane ipasavyo. Fundi akikosea kwa sehemu ndogo ya milimita, difu hulia na hatimaye meno hukatika. Shafti za mbele nazo huwekewa mzigo mkubwa zaidi. Jointi iliyo ndani ya kifundo cha gurudumu, ile inayoruhusu usukani kukatwa huku nguvu zikipita, huwa dhaifu zaidi usukani unapokatwa hadi mwisho. Dereva anayekanyaga mafuta akiwa amefunga kufuli na kukata kona kali anaweza kuivunja jointi hiyo. Wanaopita njia mbovu mara kwa mara hununua shafti za chuma kigumu zaidi.

Jambo jingine linalosahaulika ni uwiano wa gia. Mwenye gari akibadilisha gia za difu, labda kwa kuwa amefunga matairi makubwa, sharti abadilishe za mbele na za nyuma kwa uwiano mmoja. Ekseli mbili zenye uwiano tofauti zikiunganishwa hupigana, na kinachoharibika ni giaboksi ya kugawa nguvu.

Wapo wanaotaka kung'oa mfumo wa mbele wa pikapu ambayo kila gurudumu lake lina springi yake, na kuweka ekseli ya chuma kimoja. Kazi hiyo hugusa usukani, breki, shoki na viungo vya chesisi, na uchomeleaji mbaya hapo ni hatari kwa kila anayetumia barabara. Aliye na uwezo huo wa fedha afadhali atafute gari lililotoka kiwandani na ekseli ya namna hiyo. Kampuni ya bima nayo ijulishwe, na pikapu ya biashara hukaguliwa kila mwaka na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA).

Hatari kubwa zaidi iko katika kuteremka. Ekseli iliyofungwa kufuli hukataa kugeuka na hutaka kwenda moja kwa moja. Palipoinama kuelekea bondeni, magurudumu yote mawili huweza kuteleza kwa pamoja upande huo, ilhali difu iliyo wazi huenda ingeacha moja likishikilia. Kwa hivyo kufuli ya mbele hufungwa kwa mwendo wa pole, mahali palipokwamisha gari, kisha hufunguliwa mara tu gari linapotoka. Kwenye lami haifungwi kabisa.

Kabla ya gharama zote hizo, yapo mambo rahisi: matairi yenye meno marefu, kupunguza upepo kidogo penye tope na kuujaza tena kabla ya kurudi barabara kuu, na kuhakikisha friwili za magurudumu ya mbele zimefungwa. Si mara moja pikapu imevutwa na trekta ilhali friwili zilikuwa wazi.

Baada ya kuvuka mito, oili ya difu ikaguliwe. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia na inapaswa kumwagwa siku hiyo hiyo. Grisi inayochuruzika kwenye vifundo vya magurudumu ya mbele huashiria kwamba sili zimechakaa.