Haramia aliyekosa jina la kudumu

Wandugu wanafunzi na wafinalisti, neno "haramia" wote tunalijua: mwizi. Basi iko familia ya wanyama wadogo wenye kufanana na panya, waliokwisha zamani sana, wataalamu wanaiita Haramiyidae. Ni neno lile lile, lenye asili ya Kiarabu. Juu ya nini mnyama aitwe mwizi?

Mwaka 1847, Mjerumani Plieninger alieleza jino dogo sana, akaita mwenye jino Microlestes, yaani "mwizi mdogo" kwa Kigiriki. Kumbe jina lilishapewa mdudu. Sheria yao ni kama ya parseli hapa Mabanga: mwenye karatasi ya kwanza njo mwenye mali. Mwaka 1908 likaja jina Thomasia. Mwaka 1928, Mmarekani George Gaylord Simpson akayapa meno ya Uingereza jina Microcleptes, wizi tena. Nalo likakutwa na mwenyewe! Mwaka 1947 akaacha Kigiriki, akaandika Haramiya. Halafu mwaka 1994, Butler na MacIntyre wakaonyesha kwamba Haramiya ni meno ya juu na Thomasia ni meno ya chini ya mnyama yule yule. Jina la zamani likashinda. Haramiya akapotea, familia ikabaki na jina lake.

Wanyama hawa walikuwako Ulaya zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Meno yao ya kutafuna yalikuwa na safu mbili za vinundu, kwa hiyo ukiwaona unasema panya. Lakini si panya. Panya wa kweli walikuja nyuma kabisa, dinosaria walipokwisha.

Kwetu Afrika ya Mashariki wako? Mwaka 1999, Wolf-Dieter Heinrich wa Berlin alieleza meno kutoka Tendaguru, karibu na Lindi, Tanzania, ya miaka kama milioni 150. Aliyaita Staffia, akayaweka upande wa hawa maharamia. Jina hilo nalo lilikuwa na mwenyewe! Mwaka 2004 likawa Allostaffia. Tena wengine wamesema afadhali wapangwe katika Gondwanatheria, kundi lingine kabisa.

Na ugomvi mkubwa haujaisha. Mwaka 2013, gazeti la Nature lilitoa siku moja makala mbili juu ya ndugu zao wa China, Arboroharamiya na Megaconus. Moja ilisema hawa ni mamalia kamili. Ya pili ikasema hapana, wako inje ya mamalia.

Wandugu, mimi nachukua mambo mawili. La kwanza: kubadilisha jibu si haya. Ukikuta kwamba kazi yako ya mwisho ilijengwa juu ya jino moja, rekebisha, usifiche. La pili linauma: Tendaguru, kati ya 1909 na 1913, mamia ya Waafrika walichimba, wakabeba mifupa kichwani mpaka Lindi. Msimamizi wao Boheti bin Amrani tunamjua, lakini wengi hatujui hata majina. Mifupa ilienda Berlin, na meno ya Allostaffia yako kule kule. Mfupa wa Ishango, wa hapa kwetu Kivu, uko Brussels.

Mwizi mdogo wa meno amepewa majina manne. Mubebaji hakupewa hata moja. Sasa nani kati yetu atasomea mifupa hii, ili siku moja naye aandike jina?