Filamu ya Njaa ya Wimbe: Mtazamaji Aje Anajua Nini?



Ndugu wazazi na wanafunzi, vijana wetu hapa Dzaleka wameipenda sana filamu The Boy Who Harnessed the Wind, iliyotoka mwaka 2019. Hatuwalaumu. Imepigwa Wimbe, wilayani Kasungu, na mazungumzo yake mengi ni ya Kichewa. Sehemu zake zina majina kama Njala na Mphepo, na anayejua Kiswahili hahitaji mkalimani wa njaa wala upepo.

Filamu hiyo imetokana na kitabu cha William Kamkwamba na Bryan Mealer cha mwaka 2009. Kitabu kina nafasi ya kueleza. Filamu haifiki hata saa mbili, hivyo inamtegemea mtazamaji ajazie mwenyewe. Swali letu ni ajazie kiasi gani.

Mengine hayana taabu. Vinyago vya Gule Wamkulu vinatokea bila maelezo, na mtoto aliyetoka Kivu atashtuka kidogo, kisha atamuuliza jirani yake Mchewa. Hayo ni mambo ya ujirani.

Njaa yenyewe ni jambo zito zaidi. Tunaona mvua, kisha ukame, kisha foleni ya mahindi. Capital Hill, kule Lilongwe zilipo ofisi za serikali, iko mbali na macho yetu. Ghala la akiba la taifa lilikuwa na mahindi. Washauri wa wafadhili walitaka akiba ipunguzwe, nayo ikauzwa karibu yote mwaka 2000 na 2001. Mwaka 2002 watu wakafa. (Aliyesoma Sura Yusuf anajua kazi ya ghala katika miaka ya shibe.) Rais wakati huo alikuwa Bakili Muluzi, aliyemshinda Kamuzu Banda mwaka 1994 katika uchaguzi wa vyama vingi. Asiyejua haya humwona chifu akisema ukweli mbele ya rais, kisha akipigwa, akadhani ni ukali wa mtu mmoja tu. Kwetu sisi, hapo filamu imemdai mtazamaji kupita kiasi. Sentensi mbili za redio zingetosha.

Mwisho wake ndio unaotusumbua zaidi. Katika filamu kinu cha upepo kinavuta maji na shamba linaokoka. Kwa kweli kinu cha kwanza cha Kamkwamba kiliwasha taa na kuchaji simu. Pampu ya maji ilikuja baadaye, njaa ile ikiwa imekwisha. Hapa mtazamaji hakuachiwa pengo la kujaza. Amepewa historia nyingine, na asiyesoma kitabu hana njia ya kugundua.

Linganisheni na The Message ya Moustapha Akkad ya mwaka 1976. Mtume (S.A.W.) haonekani wala sauti yake haisikiki, wahusika wanazungumza wakitazama kamera. Asiyejua adabu hiyo atachanganyikiwa, lakini hatoki na habari ya uongo kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo darasani tumeamua hivi: habari ya ghala isomwe kabla ya filamu, na habari ya pampu baada yake. Wenye kitabu nyumbani tunaomba mtuazime, nakala tuliyo nayo ni moja na wanafunzi ni wengi.