NANI ALIMPIMA MWALIMU? Ijaza, ukaguzi, na teke la Abu Nu'aym



Wiki iliyopita, baada ya darsa ya Alkhamisi, mwalimu mmoja wa sekondari aliniandikia faraghani. Amefundisha miaka kumi na moja. Safari hii mkuu wake wa shule amemjazia alama za chini katika tathmini, na mkuu huyo, anasema, hajawahi kukanyaga mlango wa darasa lake hata siku moja. Sasa anahofia alama zile zitamfuata mpaka kwenye usajili wake wa ualimu. Akaniuliza: "Sheikh, dini yetu inasemaje kuhusu mtu kupimwa na asiyemjua?"

Nilimjibu maneno mawili matatu usiku ule, nikamwahidi kuandika kirefu. Maana swali hili si lake peke yake. Tanzania Bara kuna sheria ya mwaka 2018 iliyounda Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, yenye kazi ya kusajili walimu na kuwapa leseni. Kenya walimu wanajaza fomu za TPAD tangu 2016. Na nimesikia maustadhi wengi, wa shule na wa madrasa, wakisema kwamba mambo haya ya kumkagua mtu aliyekwisha pata cheti yameletwa na wazungu, sisi kwetu mwalimu akishapewa ijaza basi haguswi.

Ndugu zangu, hilo si kweli. Hakuna umma uliowakagua walimu wake kama huu.

Tuanze na Swahaba. Sa'd bin Abi Waqqaas (radhiyallahu anhu) alikuwa gavana wa Kufa (mji wa Iraq huo, msije mkasoma vibaya), naye ndiye aliyewaswalisha watu. Wakamshitaki kwa Khalifa Umar (r.a.). Walimshitaki kwa mengi, mpaka wakasema hajui hata kuswalisha! Mtu aliyejifunza swala nyuma ya Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) mwenyewe. Umar akamwondoa, akamwita, akamsikiliza. Sa'd akaeleza anavyoswali: rakaa mbili za mwanzo anazirefusha, mbili za mwisho anazifupisha, kama alivyomwona Mtume akifanya. Umar akasema hiyo ndiyo dhana yake juu yake. Lakini hakuishia hapo. Alituma watu waende Kufa, wakapita msikiti baada ya msikiti, hawakuacha hata mmoja, wakiuliza waliokuwa wakiswalishwa naye. Kote wakasikia mazuri. Ni msikiti mmoja tu, wa Banu Abs, aliposimama mtu mmoja akamtuhumu kuwa hatoki na jeshi, hagawi kwa usawa na hahukumu kwa uadilifu. Mnajua dua ya Sa'd juu ya mtu yule na yaliyompata uzeeni, kisa kimo ndani ya Sahihi Bukhari, sitakirudia.

Ninachotaka mkione ni namna ukaguzi ulivyofanyika. Umar hakupima kwa barua ya malalamiko peke yake, wala kwa maelezo ya mshitakiwa peke yake. Aliwafuata walioswali nyuma yake. Na tusifiche upande wa pili: Sa'd hakurudishwa kazini kwa sababu ametoka safi. Miaka baadaye, Umar akiwa kitandani amechomwa kisu, ndipo alipotamka mbele ya watu kwamba hakumwondoa Sa'd kwa udhaifu wala kwa hiyana. Cheo kilikwenda, jina likabaki salama. Nimelitafakari sana hili. Sisi siku hizi mtu akihamishwa tu, mtaa mzima unajua ameiba.

Sasa njoo karne ya 2 Hijria, mji huohuo. Imam Abu Hanifa (Allah amrehemu) alikaa chini ya mwalimu wake Hammad bin Abi Sulaymaan. Baada ya miaka kumi nafsi ikamwambia: umetosha, fungua darsa lako. Mwenyewe ndiye aliyesimulia. Jioni moja akatoka amekusudia hivyo, lakini alipoingia msikitini na kumwona mzee, akashindwa, akakaa. Usiku huohuo Hammad akapata habari ya kifo cha jamaa yake huko Basra, aliyeacha mali na hana mrithi mwingine. Akasafiri, akamwambia Abu Hanifa akae mahali pake. Miezi miwili. Watu wakaja na masuala ambayo hakuwahi kuyasikia kwa mwalimu wake. Akawa anajibu, na kila jibu analiandika.

Aliporudi Hammad, yakawekwa mbele yake masuala sitini. Arubaini akamwafiki. Ishirini akamkhalifu.

Arubaini katika sitini, ndugu zangu, leo mtu angefanya sherehe. Abu Hanifa aliapa hatamwacha mwalimu wake mpaka mmoja wao afe. Alikaa naye miaka kumi na minane kwa jumla, hadi Hammad alipofariki mwaka 120 Hijria.

Na yeye alipokuwa mwalimu akampima mwanafunzi wake Abu Yusuf kwa njia ngumu zaidi. Abu Yusuf aliugua sana, Abu Hanifa akaenda kumtazama, akasema kwa masikitiko kwamba alimtarajia awe wa Waislamu baada yake. Maneno yakamfikia Abu Yusuf. Alipopona, kichwa kikapanda, akafungua darsa lake mwenyewe bila kuaga. Abu Hanifa hakupiga kelele. Alimtuma mtu na suali la dobi: mtu alimpa dobi nguo amfulie, alipoifuata dobi akakana kwamba hana nguo yake, kisha baadaye akairudisha ikiwa imefuliwa. Je, dobi anastahiki ujira? Akamwambia mjumbe: akisema anastahiki, mwambie umekosea. Akisema hastahiki, mwambie umekosea.

Mjumbe akaenda. Abu Yusuf akajibu ndiyo, akaambiwa amekosea. Akafikiri, akajibu hapana, akaambiwa amekosea. Akainuka palepale kwenda kwa mwalimu wake. Abu Hanifa alipomwona tu akajua ni suali la dobi ndilo lililomleta. Jibu lilikuwa hili: kama aliifua kabla ya kuikana, anastahiki, kwa sababu alimfulia mwenyewe nguo. Kama aliifua baada ya kuikana, hana kitu, kwa sababu kwa kuikana ameipora, na alipoifua alijifulia nafsi yake. Abu Yusuf akarudi kwenye mkeka wa wanafunzi. Huyu ndiye aliyekuja kuwa kadhi mkuu wa kwanza katika Uislamu, zama za Harun Rashid. Suali moja la dobi halikumvunja, lilimchelewesha tu mpaka akaiva.

Hapa lazima tuelewe ijaza ilivyokuwa. Haikutoka kwa jengo, ilitoka kwa mtu. Hata ilipofunguliwa Nidhamiyya ya Baghdad mwaka 459 Hijria, sawa na 1067 Miladi, aliyekupa idhini ya kufundisha alikuwa sheikh kwa jina lake. Na huku kwetu pwani ni hivyohivyo. Waliosoma Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir, waliofariki wote mwaka 1925, walisema nina ijaza ya fulani. Sasa karatasi ya namna hiyo nani atakunyang'anya? Hakuna. Kwa hiyo wanazuoni wa Hadithi wakatengeneza kitu kingine: waliiacha ijaza yako mkononi, wakaandika hali yako vitabuni. Huyu ni thiqa. Huyu mkweli lakini anakosea. Huyu aachwe. Hiyo ndiyo elimu ya jarh na ta'dil, na uzito wake ulizidi karatasi yoyote. Ungeweza kuwa na ijaza za masheikh hamsini, na asipatikane mtu wa kuandika neno kutoka kwako.

Walivyopima sasa. Yahya bin Ma'in na Imam Ahmad bin Hanbal walikuwa wakirejea safari ya Yemen, wakapita Kufa, kwa Abu Nu'aym. Yahya akasema ninataka kumjaribu. Ahmad akamkataza, mtu huyu ni thiqa. Yahya akasema hapana budi. Akaandika hadithi thelathini za Abu Nu'aym, na kila baada ya kumi akachomeka moja isiyokuwa yake. Abu Nu'aym akatoka, akaketi kwenye baraza ya udongo nje ya nyumba, Ahmad kuliani, Yahya kushotoni, na kijana mwenzao wa safari chini. Yahya akasoma. Ilipofika ya kumi na moja, mzee akasema hii si yangu, ifute. Kumi nyingine, akachomekewa ya pili, akasema ifute. Ilipofika ya tatu uso ukambadilika. Akamshika Ahmad mkono akasema huyu ni mchamungu, hawezi kufanya haya. Akamtazama kijana, huyu ni mdogo mno kwa haya. Hii ni kazi yako wewe! Akamrusha Yahya kwa teke mpaka chini ya baraza, akaingia ndani. Ahmad akamwambia si nilikukataza? Yahya akajibu kwamba teke lile analipenda kuliko safari yake yote.

Mkaguzi alipigwa teke na bado akampa mwalimu alama kamili. Nani kati yetu angeweza?

Lakini wakaguzi nao walikosea, na hili ndilo nililomwandikia yule mwalimu. Shu'ba, bingwa wa wakaguzi, alimwacha Minhal bin Amr kwa sababu alipokaribia nyumba yake alisikia sauti ya ala ya muziki. Akaulizwa: mbona hukumuuliza, huenda hakuwa na habari? Hakuwa na jibu. Wakati mwingine alimwacha mtu kwa kuwa alimwona akimkimbiza farasi wa mizigo! Kwa visa kama hivi maulamaa wakaweka kanuni: mtu aliyethibiti uadilifu wake, kumtia ila hakukubaliwi mpaka sababu itajwe, ikapimwa kama kweli ni sababu. Minhal yumo ndani ya Bukhari. Na wakaweka nyingine: maneno ya wenza wanaoshindana hayachukuliwi hivihivi. Imam Malik alimsema vikali mno Ibn Is'haaq, mwandishi wa Sira, na bado Sira ya Ibn Is'haaq inasomwa mpaka leo.

Kwa hiyo nilimwambia: omba sababu kwa maandishi, tena kwa adabu. Na mwalike mkuu wako aingie darasani. Akiingia akakuta kweli una kasoro, usimpige teke.

Limebaki la uzee, nalo ni zito. Abdurrazzaaq wa San'aa, aliyefariki mwaka 211 Hijria, alipofuka mwisho wa umri wake. Imam Ahmad akaweka mpaka: aliyesikia kwake kabla hajapofuka, usikizi wake ni sawa, na aliyesikia baadaye ni dhaifu. Hakufutwa, ila walitenganisha miaka.

Na Jarir bin Haazim wa Basra akili yake ilichanganyika kabla ya kufa, mwaka 170. Alikuwa na watoto wenye kuijua elimu ya Hadithi. Walipohisi tu kwamba baba ameanza kuchanganya, wakafunga mlango, wakamzuilia wanafunzi. Hakuna hata mmoja aliyesikia kitu kutoka kwake katika hali ile, na Bukhari na Muslim wote wawili wamepokea kwa njia yake.

Wallaahu a'alam.